Hereni ya Buluu

"Weka mwiko chini, Mkubwa. Hii mara ya tatu nakwambia."

Mkubwa hakuuweka. Aliuzamisha tena ndani ya sufuria, akageuza mapande ya nyama, akasema kwamba nyama yenyewe imeshachemka saa tatu nzima. Kama dada yake anamjua mdudu anayeweza kukaa ndani ya maji ya moto saa tatu akatoka mzima, basi amtaje kwa jina.

"Sina haja ya kumtaja," Mize alisema. "Nataka uniambie hii imefikaje uani kwangu."

Juu ya meza, kati ya vitunguu vilivyokatwa na beseni la viazi, palikuwa na mfuko wa mkate. Ndani ya mfuko mlikuwa na sikio la kondoo, limejaa udongo na alama za meno, na kwenye sikio hilo ilining'inia hereni ya plastiki ya buluu yenye namba 41. Mize alilikuta nje ya mlango wa nyuma alipokuwa akivua viatu vya kazi. Mbweha, mmoja wa hao wanaoingia kila ua wa mtaa wa Erdington, Birmingham, kana kwamba wamepanga chumba, alikuwa amefukua shimo chini ya uzio, akala alichokitaka, akamwachia mwenye nyumba kilichobaki.

Mpaka dakika ile aliamini alichoambiwa, kwamba kondoo amenunuliwa kwa Nazir, muuza nyama wa Alum Rock, na ameletwa akiwa vipande. Hakuwa na sababu ya kutoamini. Alikuwa Unguja wiki nne akimuuguza shangazi yao, akarudi Ijumaa usiku na mwili umechoka, na Jumamosi alfajiri akawa kazini. Muda wote huo Mkubwa, ambaye ndiye mdogo wa mwisho kwao licha ya jina lake, alikuwa akilala nyumbani kwa Mize pamoja na mkewe Saleha. Fleti yao ya Newtown iko ghorofa ya tisa na lifti ilikuwa imeharibika, na Saleha ana mimba ya miezi sita. Mize ndiye aliyesema wahamie. Funguo aliwapa kwa mkono wake.

Nadhiri aliijua. Kila mtu aliijua. Saleha alikuwa ameharibu mimba mbili ndani ya miaka mitatu, moja ya miezi minne na nyingine ya mitano, na ilipoingia ya tatu Mkubwa aliapa mbele ya watu kwamba ikivuka mwezi wa tano atachinja kondoo kwa mkono wake mwenyewe na kulisha majirani. Ikavuka. Lakini ilivuka Agosti ya mwaka 2007, wakati ugonjwa wa midomo na kwato umegunduliwa kusini mwa Uingereza na serikali imepiga marufuku mnyama yeyote kutoka shamba moja kwenda jingine. Mkubwa alizunguka mashamba manne. Kwenye kila geti alikuta majani yaliyomwagiwa dawa na mkulima anayempungia mkono wa kwenda zake. Na Ramadhani ilikuwa inabisha hodi. Alitaka nadhiri iwe imemtoka shingoni kabla ya mwezi kuandama.

Basi akakumbuka kwamba yeye ni dereva.

Taasisi ya utafiti waliyofanyia kazi wote wawili ilikuwa nje kidogo ya jiji. Mize alikuwa na miaka sita pale, na ndiye aliyempeleka Mkubwa kuomba kazi ya udereva. Yeye mwenyewe, diploma yake ya afya ya mifugo aliyoisomea nyumbani walimhesabia nusu, wakamweka kuwa mhudumu wa wanyama. Alilisha, alisafisha mabanda, alipima joto na kuandika. Kwenye banda lake walikuwapo kondoo majike ishirini na wanne, wote wenye mimba. Kumi na wawili walivaa hereni za njano. Hao wa njano, madaktari wa upasuaji walikuwa wamewapasua ubavuni, wakaacha tundu linalofika hadi tumboni na kuliziba kwa kizibo cha mpira, kipana kama kisahani cha chai. Mtaalamu akitaka kujua tumboni mna nini, huchomoa kizibo na kuingiza mkono hadi kiwiko. Kupitia tundu hilo walimimina bakteria waliowakuza wenyewe, ili kondoo apunguze gesi anayoicheua, maana gesi hiyo, walisema, inaiharibu hewa ya dunia. Kumi na wawili wengine walivaa hereni za buluu na hawakuwa na tundu lolote. Wao walikuwa wa kulinganishia tu.

Hayo Mize aliyasimulia mwenyewe, hapohapo mezani, mwezi wa Mei, watu wanakula na kucheka habari ya kondoo mwenye kizibo. Mkubwa aliuliza wale wa buluu mwisho wao nini. Mize akajibu kwamba wanauawa na kuchomwa kwenye tanuri kama wenzao.

"Na nyama yote ile?"

"Yote. Na hawajaguswa hata kwa sindano."

Alilisema hilo kwa fahari kidogo, kama mtu anayejua mambo ya ndani. Mkubwa alilichukua neno lile akaliweka.

Sasa alilitoa. Alhamisi, alisema, karatasi ilimwagiza achukue kondoo watatu wa buluu kutoka mabandani na kuwapeleka kwenye jengo kubwa la taasisi, ambako wangeuawa na kupasuliwa. Alikabidhi wawili. Wa tatu alimwandika kwamba alikufa njiani na ametiwa tanurini moja kwa moja. Akamleta Erdington, akatandika plastiki gerejini, akamwelekeza kibla, akasoma bismillahi, akachinja. Kisu kilikuwa kikali. Mnyama hakuteseka. Kosa lake hasa alikuwa halioni.

"Nadhiri ya kondoo wa wizi," Mize alisema. "Hongera."

"Wangemchoma, dada. Mnyama halali, mnene, mzima wa afya, anatiwa moto kama takataka. Hiyo ndiyo isiyo dhambi?"

Mwezi wa Mei Mize naye angesema vilevile. Alizima jiko. Mkubwa akanyoosha mkono aliwashe tena, naye akaupiga mkono ule kama anavyopigwa mtoto, akasimama kati yake na jiko, akamweleza alichokikuta asubuhi kazini.

Alikuta kufuli jipya. Kondoo wa buluu walikuwa wamehamishiwa chumba cha mwisho siku ya Ijumaa, na mlangoni pamebandikwa tangazo jekundu kwamba mwanamke mjamzito asivuke hapo, wala asifue nguo za mtu aliyevuka. Daktari Madhu, mganga wa wanyama wa taasisi, alimpa barakoa na glavu ndefu kisha akamweleza kwa kifupi. Mize alipokuwa likizo, wale wa buluu walikabidhiwa kwa utafiti mwingine. Kulikuwa na ugonjwa unaowafanya kondoo watupe mimba, na taasisi ilitafuta chanjo yake. Wa buluu walidungwa vijidudu vya ugonjwa huo katikati ya Julai. Kwa wiki kadhaa hawakuonyesha kitu. Walikula, walinenepa, waliota jua. Halafu Jumatano wakaanza kutupa. Kufikia Jumamosi sita walikuwa wametupa, na Mize alitumia asubuhi yake yote akizoa kwa koleo alichozoa na kukitia kwenye mapipa ya njano. Watatu wa Alhamisi walikuwa wamechaguliwa wapasuliwe ili ionekane ugonjwa umefika wapi ndani yao.

Mkubwa aliuacha mwiko sasa. Uliegemea ukingo wa sufuria, kisha ukatumbukia ndani polepole, na hakuna aliyeuokoa.

"Lakini imechemka," alisema.

"Nyama imechemka. Nakubali. Matumbo je? Nani aliyaosha?"

Mkubwa aliangalia dari. Juu ya vichwa vyao, kwenye chumba cha kulala, zilisikika hatua za Saleha akipanga mito ya wageni kukalia, taratibu, hatua za mtu aliyekwishakuwa mzito.

Matumbo hayaoshwi na mwanamume, si kwa Saleha. Anayegusa matumbo yake humfukuza jikoni. Huyapindua, huyakwangua kwa kisu butu, huyasugua kwa chumvi na ndimu, huyasuuza maji saba, halafu huyasokota kama nywele na kuyafunga mafundo. Kazi ya saa mbili, mikono imezama hadi juu ya vifundo, maji yanaruka usoni. Glavu hakuwahi kuvaa. Ukimpa angeuliza kwani matumbo ni sumu.

"Alhamisi hiyohiyo?" Mize aliuliza.

"Alhamisi hiyohiyo. Lakini ni mzima, dada. Amekula, amelala, jana kacheka mpaka—"

"Na wale kondoo walikuwa wazima. Wiki tatu wazima." Akamtazama. Swali lililofuata hakulitaka, lakini mtu aliyesomea mifugo hawezi kuliacha. "Alikuwa na mimba yule jike. Ulipompasua ulikuta nini?"

Mkubwa alikaa kwenye kiti. Alijifuta mikono kwenye suruali, kwanza viganja kisha migongo ya viganja, na aliposema alisema akiuangalia mfuko wa mkate. Walikuwa wawili. Hakuona kama yule jike ana mimba, yeye si mtu wa mifugo, manyoya yalikuwa mengi. Mmoja alikuwa kama anavyotakiwa kuwa. Wa pili alikuwa mweusimweusi, na kile kinachowazunguka kilikuwa kinene na chekundu na kimeoza kwa mabaka. Alidhani ndivyo wanavyokuwa. Aliwazika uani, pamoja na kichwa na ngozi.

"Nani alikuwa amekushikia?"

"Beseni tu," alisema. "Saleha alinishikia beseni. Nilifunika kwa kitambaa. Nilimwambia ni mafuta."

Mize aligeuka akatazama nje ya dirisha. Shimo la mbweha lilikuwa wazi chini ya uzio, na udongo wake mbichi umetapakaa juu ya majani. Kichwa kilikuwamo bado, nusu. Vile viwili vingine havikuwamo.

Mlango wa mbele ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja, kama anavyofanya Rukiya. Yeye ni Msomali aliyekulia Garissa, anaishi Alum Rock, na hakuna shughuli ya Waswahili Birmingham inayopikwa bila masinia yake. Alikuwa ameyabeba sita mikononi, yamepanda mpaka machoni, akaanza kusema kabla hajaonekana uso, kwamba watu arobaini wako njiani, kwamba wengine wamepanda basi na watoto, na kwamba mbona hasikii harufu ya wali. Akayatua masinia. Akawaona. Akaliona na sikio.

"Mbona mmenyamaza hivi?" aliuliza. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi, "Kondoo huyu ametupa?"

Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu kutupa. Lakini mwaka ule ule, Januari, homa ya Bonde la Ufa ilipita kwao Garissa ikamaliza mbuzi wa baba yake. Rukiya alilijua jambo hilo kwa kuliona tu kwenye nyuso za watu.

"Simama mlangoni, Rukiya," Mize alisema. "Anayekuja mrudishe. Sema chakula kimeungua."

"Wote?"

"Wote. Na usiguse kitu humu."

Rukiya aliitazama sufuria, akatazama juu kwenye dari, na ule mzaha wake wa siku zote ukamtoka usoni. Alitoka bila masinia.

Mkubwa alisimama. Alizungumza haraka sasa, kwa kunong'ona, na ilionekana amekwishalipanga jambo wakati wengine wanazungumza. Wampeleke Saleha hospitali, sawa, yeye mwenyewe ataendesha. Lakini waseme alitembelea shamba. Wanawake wajawazito hutembelea mashamba, hushika wanakondoo, madaktari wanajua. Watampa dawa. Hakuna haja ya kutaja taasisi, hakuna haja ya kutaja namba. Kibali chake cha kukaa kinaisha Novemba na kinategemea barua ya mwajiri. Na Mize mwenyewe je? Nyumba ni yake, gereji ni yake, neno lililoanzisha yote ni lake. Nani ataamini kwamba hakujua? Wamempandisha cheo tu mwezi wa sita. Aitupe miaka sita kwa sababu ya karatasi moja?

Mize alimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu lilikuwa shauri zuri. Alilipima kama anavyopima mtu kitambaa, upande huu na upande huu. Lingefaa kabisa, kama si jambo moja ambalo Daktari Madhu alimwambia asubuhi huku akimfunga barakoa kisogoni.

"Dawa watakayompa haitafanya kazi," alisema.

Alimweleza kwa maneno mepesi. Vijidudu vya chumba cha buluu havikuwa vile vya shambani. Wataalamu walikuwa wamevibadilisha, wakavitia alama ili wavitambue kila vinapoonekana, na alama yenyewe ni kwamba dawa ya kawaida ya ugonjwa ule haiviui. Iko dawa inayoviua, lakini jina lake liko kwenye faili la taasisi na kichwani mwa Madhu. Daktari wa hospitali akiambiwa shamba ataandika dawa ya shamba. Saleha ataimeza siku kumi, atajiona amepona, na vile vitu vitaendelea kukaa kimya ndani yake, kama vilivyokaa ndani ya wale kondoo walipokuwa wakiota jua.

"Huna hakika," Mkubwa alisema.

"Sina. Unataka tungoje tuone?"

Ngazi zililia. Saleha alikuwa anashuka, mkono mmoja ukutani. Aliingia jikoni akitabasamu, na kanga yake ameifunga juu ya tumbo kama wanavyofunga waliokwisha kusahau kiuno. Alimwambia Mize kwamba asimlalamikie mtu habari za njaa, kwani supu ya matumbo amemwekea ya peke yake kwenye friji, na mafundo ameyafunga madogo kama anavyoyapenda. Kwenye kidole gumba cha kulia alikuwa na plasta.

"Wifi, usinitazame hivyo," alisema. "Nimefanya nini?"

"Plasta ya nini?"

"Kisu tu. Siku ile ya matumbo." Akawatazama mmoja baada ya mwingine, na tabasamu likabaki pale usoni kwa sekunde chache zaidi ya lilivyotakiwa. "Mkubwa?"

Mize hakumwacha Mkubwa amjibu. Alimkalisha Saleha akamwambia yote, tangu hereni mpaka beseni, bila kulizungusha neno na bila kumshika bega, maana angemshika bega yeye mwenyewe angelia na hakukuwa na nafasi hiyo. Saleha alisikiliza. Polepole aliitoa mikono yake juu ya tumbo, akaiweka mbele yake mezani, mbali na mwili, viganja juu, akaitazama.

"Uliniambia mafuta," alimwambia mumewe.

Mkubwa aliusukuma mfuko wa mkate mbali naye.

Simu ilikuwa ukutani karibu na friji. Mize alipoifikia, mkono wa Mkubwa uliwahi kuifunika. "Jumatatu," alisema. "Dada, nakuomba. Nipe mpaka Jumatatu, nizungumze nao mwenyewe."

Mize alifikiri siku mbili ni kitu gani. Kwa watu ni mwisho wa wiki. Alfajiri ile, alipoingia kazini, kondoo mmoja wa buluu alikuwa amesimama anakula majani, na alipogeuka kuchukua ndoo na kurudi, mimba ilikuwa imeshatoka na kondoo bado anatafuna. Akaviondoa vidole vya mdogo wake juu ya simu, kimoja baada ya kingine, wala hakushindana naye. Namba aliijua kwa moyo. Ilikuwa imeandikwa kwenye lile tangazo jekundu.

Madhu aliitika mwito wa pili, na Mize akazungumza kwa Kiingereza chake kilichonyooka, sauti ileile anayotumia kusoma joto la wanyama.

"Daktari, ni Mize. Kondoo wa buluu namba arobaini na moja hakuchomwa. Alichinjwa Alhamisi nyumbani kwangu, na ndugu yangu dereva ndiye aliyemleta. Mke wake ana mimba ya miezi sita, ameosha matumbo kwa mikono mitupu na amejikata kidole. Alikuwa karibu wakati mimba ya kondoo inatolewa. Tunakwenda hospitali ya wazazi sasa hivi. Nataka jina la dawa."

Upande wa pili kilisikika kiti kikisukumwa nyuma, kabati likifunguliwa, karatasi zikipekuliwa haraka. Kisha Madhu akamwambia aandike.

Mize alichukua kalamu ya wino mzito iliyofungwa kwenye friji kwa uzi, akauvuta mfuko wa mkate, akaandika juu yake herufi kwa herufi. Alirudia kusoma. Madhu alimsahihisha herufi moja. Aliuliza pia mizoga mingine iko wapi, ile midogo, na Mize akamwambia kwamba mbweha amekwisha kuichukua. Madhu alisema watu watafika nyumbani ndani ya saa moja na kwamba asiwepo mtu wa kuingia wala kutoka zaidi ya mgonjwa na Mize.

Alikata simu. Alimwambia Mkubwa akae hapohapo alipo, asile, asinawe kwenye sinki lile, na wakija awafungulie mlango na kuwaambia ukweli. Mkubwa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameketi tena, akiangalia mvuke wa mwisho ukitoka kwenye sufuria.

Mize alitia mfuko mkobani, akachukua funguo za gari, akamwinua Saleha kwa kumshika kiwiko, si mkono. Nje, Rukiya alikuwa amesimama getini akiwageuza watu wa kwanza, mama mmoja na watoto watatu waliovaa nguo za shughuli. Alisogea mbali, akawavuta watoto nyuma yake, akawaachia njia. Mize alimfungia Saleha mkanda juu na chini ya tumbo, akazunguka, akaketi, akawasha gari.